Hapana, Taa ya Mazingaombwe Haikuwa Sinema Iliyoshindwa: Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Siku

Kazi yangu ni kukarabati slaidi za vioo, zile zilizokuwa zinaonyeshwa kwa taa ya mazingaombwe (magic lantern), yaani chombo cha kumulika picha ya kwenye kioo ukutani, Uingereza enzi za Malkia Victoria. Wateja wanaoniletea maboksi ya mababu zao karibu wote wanaanza vilevile: "masikini, ndo ilikuwa sinema yao hii, picha zimesimama tu." Nimeisikia mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja.

Dhana: picha zilikuwa zimeganda, watu walivumilia tu mpaka sinema ilipokuja

Hii ndo inayoniudhi kuliko zote, maana si kweli hata kidogo na ushahidi mtu anakuwa kaushika mkononi mwenyewe. Kuna slaidi moja ilipendwa mno, ya mwanaume mwenye ndevu kalala kitandani mdomo wazi, panya wanamwingia mdomoni mmoja mmoja. Ukiigeuza unaona fremu ya mbao, ndani kuna kioo chenye jamaa na kitanda chake, kingine kinachosogea ili taya lifunguke na kufunga, halafu kuna duara la kioo lenye panya waliochorwa kuzunguka ukingo, limeshikwa na pete ya shaba yenye meno na kishikio cha kuzungushia. Opereta mkono mmoja anazungusha panya, mwingine anachezesha taya, na panya hawaishi mpaka achoke yeye. Sasa mtu aniambie hiyo ni picha iliyosimama!

Na hiyo ni ya kuchekesha tu. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine, ufundi uliopata jina miaka ya 1830 kupitia Henry Langdon Childe na baadaye ukawa kivutio kikubwa pale Royal Polytechnic, taasisi ya maonyesho ya sayansi ya Regent Street, London, iliyofunguliwa 1838. Unakuwa na taa mbili zinamulika sehemu moja, hii unaipunguza taratibu huku ile unaiongeza, kinu cha maji kilichokuwa cha kiangazi chenye miti ya kijani kinageuka cha baridi kali mbele ya macho yako bila kuona mshono wowote. Ukiwa na taa ya tatu juu yao unaongeza theluji, na theluji yenyewe ni kitambaa cheusi kilichotobolewa kwa sindano, kinatoka rola moja kwenda nyingine, kila kitundu kinapitisha chembe ya mwanga. Lenzi inapindua kila kitu juu chini, kwa hiyo kitambaa lazima ukizungushe kuelekea juu ili theluji ishuke chini. Hayo yote mtu anafanya gizani, kwa mikono, taa zinachoma, ukumbi umejaa. Ukishawahi kuona onyesho la hivi likifanywa na mtu anayejua kazi hutasema tena "masikini".

Halafu hili la sinema kuiua taa. Ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, walionyesha filamu zao Paris tarehe 28 Desemba 1895, na Februari 1896 wakaja London, wakaonyeshea wapi? Jengo lilelile la Polytechnic la Regent Street. Mashine yao haikuwa na mwanga wake ndani, iliwekwa mbele ya taa, taa zilezile za slaidi. Waliokuja kuonyesha filamu mikoani wengi walikuwa ni hawahawa waonyeshaji wa slaidi, mashine zao nyingi zilikuwa na uwezo wa kuhama kutoka filamu kwenda slaidi na kurudi. Makanisani na mashuleni taa iliendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo.

Dhana: lilikuwa toi la watoto

Mnafikiri hivyo kwa sababu zilizojaa kwenye maduka ya vitu vya kale ni zile za bati kutoka Nuremberg, ambazo kweli zilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Zile za mahogani na shaba zilikuwa za kumbi za miji, za kampeni dhidi ya pombe, za wahubiri, za wahadhiri wa sayansi.

Na kwetu sisi mfano unaouma zaidi ni wa Kongo. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris, akiwa Baringa, alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala amekaa anatazama mkono na mguu wa binti yake, vyote vilivyobaki vya mtoto baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Picha hiyo na nyingine nyingi ziliwekwa kwenye slaidi, Alice na mumewe John wakazunguka nazo Uingereza na Marekani wakiwaonyesha watu Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo, anafanya nini. 1908 Kongo ikatolewa mikononi mwake ikawa koloni la Ubelgiji. Hizo picha hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini watu walikaa gizani wakaangalia mkono wa mtoto umekuzwa ukuta mzima. Usiniambie toi.

Dhana: walikuwa wanawasha mshumaa tu

Nyumbani ilitosha taa ya mafuta. Ukumbi mkubwa ulihitaji mwanga wa chokaa: kipande cha chokaa kinachomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni mpaka kinang'aa cheupe kabisa. Gesi zilikaa kwenye mifuko iliyokandamizwa na ubao wenye mawe ya uzito juu, na shinikizo likienda ovyo gesi zikichanganyika ndani ya mfuko, unalipuka. Opereta alikuwa fundi, tuwape heshima yao.

Dhana: hazina rangi, halafu kimya

Nyingi zilipakwa rangi kwa mkono, hata kati ya zile za picha za kamera zilizoanza na ndugu wawili, akina Langenheim wa Philadelphia, Marekani, karibu mwaka 1850. Na kulikuwa na msimuliaji, muziki, ukumbi unaimba.

Dhana: Waafrika walikimbia kwa sababu ya ushamba

Hii inatokana na safari ya Livingstone, 1854, kwa chifu Shinte. Alionyesha Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe, alipoivuta slaidi kisu kikaonekana kinawajia kina mama, wakakimbia wanalia "mama!" Watu wanaishia hapo. Hawaendelei kusoma kwamba Shinte alikaa mpaka mwisho halafu akakichunguza chombo kwa makini. Na miaka zaidi ya 50 kabla ya hapo mwonyeshaji aitwaye Robertson alikuwa anawatisha watu wazima wa Paris kwa mizimu ya taa hiyohiyo, akiificha nyuma ya pazia na kuisogeza kwa magurudumu.

Dhana: Kircher, yule padri msomi wa karne ya 17, ndo aliyeivumbua taa

Ni Christiaan Huygens, Mholanzi, 1659. Tuendelee.

Dhana: slaidi chafu unaosha kwa maji na sabuni

Naomba sana, hapana. Rangi iko juu ya kioo, maji yanaibeba yote na hakuna fundi wa kuirudisha. Ile karatasi nyeusi ya pembeni usiibandue, ndo inayoshika vioo viwili na kuzuia unyevu. Futa upande wa nje tu kwa kitambaa laini kikavu. Usiiweke kwenye projekta yenye balbu kali, kioo kinapasuka. Hifadhi zikiwa zimesimama kwa ukingo, usizilaze moja juu ya nyingine, na usivuruge mpangilio wa boksi kabla hujapiga picha namba zake, maana mfuatano ule ndo hadithi yenyewe. Vile vidoa vyeupe pembeni si uchafu, usivikwangue, vilimsaidia opereta kujua gizani upande gani wa kushika kabla ya kuiingiza kichwa chini.