Uyoga si mmea jamani

Juzi soko la Kibuye hapa Kisumu nimeskia mama akimwambia mtoto wake uyoga ni mmea juu unatoka kwa udongo kama sukuma, na watu wengi sana wanaamini hivyo. Hapana. Uyoga ni kuvu, hizi tunaita fangasi, na mwanasayansi Robert Whittaker alipopanga viumbe kwa falme 5, yaani makundi makubwa, mwaka wa 1969 alizipa ufalme wao pekee. Mmea uko na klorofili, ile rangi ya kijani, unajipikia chakula na jua, lakini kuvu haina hiyo, inamwaga vimeng'enya, kemikali za kumeng'enya chakula, kwa gogo lililooza, inaliyeyusha alafu inafyonza. Tena ukuta wa seli zake una kaitini, ile ile iko kwa ganda la panzi, na kiukoo iko karibu na sisi wanyama kuliko mahindi! Ukipata uyoga wa kichuguu huko Kakamega chimba polepole, hautaona mizizi, utaona kikonyo kirefu kinashuka mpaka kwa shamba la mchwa, kitu kama sponji ya kahawia yenye vidoti vyeupe, na mchwa wenyewe ndio wanailima hiyo kuvu. Unachopika ni sehemu ya kuzaa tu, mwili umebaki chini, nyuzi nyembamba sana. Hamira ya mkate pia ni kuvu.