Gemu ikigoma kuunganisha, usibomoe ukuta wa nyumba nzima

Jirani yangu, mama wa watoto watatu, aliniita nimtazamie kamera za uani. Picha zilikuwa zinakatika usiku, na mara mbili aliikuta kamera ya getini imegeuzwa, inatazama ukuta. Kijana wake wa kidato cha pili naye akaniwahi mlangoni: "Shikamoo anko. Ukimaliza na PS5 uiangalie. Ilikuwa imetengenezwa, sasa binamu yangu simsikii tena." Wote wawili waliamini hayo ni matatizo mawili tofauti.

Nilipofungua ukurasa wa ruta niliona ni tatizo moja. Miezi kadhaa nyuma kijana alishindwa kuongea na binamu yake wa Muscat wakiwa mchezoni, akaitwa fundi. Fundi akaichukua anwani ya PS5, ile mashine yake ya gemu, 192.168.1.5, akaiweka kwenye mpangilio wa ruta unaoitwa DMZ. Maana yake, yeyote atakayebisha hodi kutoka nje apelekwe moja kwa moja kwenye anwani hiyo bila kuulizwa. Gemu ikakubali, fundi akalipwa. Baadaye umeme ukakatika, na uliporudi ruta ikagawa anwani upya. Mashine ya kurekodi kamera iliwaka kwanza, ikapewa 192.168.1.5. Kuanzia hapo mashine hiyo, ikiwa bado na nywila ya kiwandani, ilisimama barazani mbele ya dunia nzima, na PS5 ikarudi kwenye shida yake ya mwanzo.

Mimi ni mhandisi wa usalama wa mitandao katika taasisi ya umma, na visa vya namna hii vinanifikia mara nyingi kuliko ninavyotamani. Karibu vyote vinatokana na mtu kufungua geti zima ilhali alihitaji dirisha moja.

Ruta ya nyumbani inafanya kazi kama mlinzi wa geti mwenye daftari. Kifaa cha ndani kikituma ujumbe, mlinzi anaandika: huyu katoka, kaenda kwa fulani, kapitia poti, yaani mlango wa data, namba fulani. Jibu la huyo fulani likija, linaingia. Anayefika bila kuandikwa anabaki nje. Kazi ya kuvipa vifaa vyote vya ndani anwani moja ya nje inaitwa NAT, na kazi ya kumzuia asiyetarajiwa ni ya ukuta wa moto, ambao mafundi wengi wanauita fayawoli. Kwenye ruta za kawaida kazi hizi mbili zinakwenda pamoja.

Kutazama video au kupakua gemu hakuna taabu, maana wewe ndiye unayeanza kuongea. Taabu inakuja pale konsoli, yaani mashine za gemu, za wachezaji zinapoongea zenyewe kwa zenyewe, hasa kwenye sauti za kikundi na mechi ambazo mchezaji mmoja ndiye mwenyeji. Hapo mwenzako wa Muscat anabisha hodi kwako, na daftari la mlinzi halimtambui.

PS5 inaonyesha hali hii kwa namba unapopima muunganisho. Aina ya 1 ni konsoli iliyounganishwa bila ruta, ya 2 iko nyuma ya ruta na mambo ni shwari, ya 3 imebanwa. Xbox inaeleza kwa maneno: wazi, wastani au kali. Vijana wengi wanapotea hapa, kwa hiyo naomba lieleweke: kwenye PS5, aina ya 2 inatosha kabisa. Anayehangaika kuipata ya 1 anahangaika kuivua konsoli ulinzi wake.

Kabla hujagusa poti yoyote, hakikisha ukuta unaokuzuia ni wako. Anwani za IP za mfumo wa zamani hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima, hivyo kampuni nyingi za simu, na baadhi za faiba, zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Ukiwa nyuma yake unaweza kufungua poti za ruta yako mpaka asubuhi na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu geti la mbele liko kwa kampuni na ufunguo huna.

Kujua ni rahisi. Tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, kwenye ukurasa wa ruta. Kisha, kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP. Zikilingana, geti ni lako. Zikitofautiana, na ile ya WAN ikawa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni CGNAT. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ikianza na 10 nayo mara nyingi ni mtandao wa kampuni. Ikianza na 192.168, huenda ruta ya pili imo humohumo ndani: kile kiboksi cha faiba ulichofungiwa na kampuni, nawe ukaongeza ruta yako juu yake. Iweke moja kati ya hizo isambaze Wi-Fi tu, iache kazi ya NAT kwa nyenzake. Kama ni CGNAT, piga simu kwa kampuni uulize bei ya anwani ya umma. Fundi anayekuahidi kuitatua kwa kubofyabofya ruta yako anakulia hela.

Geti likiwa lako, anza kwa kuitengea konsoli anwani ya kudumu. Kila konsoli ina namba yake ya utambulisho iitwayo MAC, iko kwenye mipangilio ya mtandao. Iingize kwenye sehemu ya DHCP ya ruta, ile inayogawa anwani, na uipe anwani isiyobadilika. Hatua hii ndiyo iliyorukwa kwa jirani yangu. Kisha elekeza poti chache tu kwenye anwani hiyo, ukichagua UDP au TCP, njia mbili za kusafirisha data. Kwa PS5 ni UDP 3478 na 3479, pamoja na TCP 3478 hadi 3480. Kwa Xbox ya msingi ni 3074, UDP na TCP, na zinaongezwa UDP 88, 500, 3544 na 4500. Utaona maelekezo mengi yanayotaja pia 80 na 443. Hizo konsoli inazitumia kuwasiliana kwenda nje, si kupokea wageni, kwa hiyo usizielekeze.

Kuna njia ya mkato inaitwa UPnP: konsoli inamwomba mlinzi amfungulie, naye anafungua bila kuuliza nywila. Inafaa sana pale nyumba ina Xbox mbili, maana zote haziwezi kugawana 3074 kwa mkono. Ila kamera na simu yenye programu mbovu vinaweza kuomba vilevile na vikafunguliwa. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Rapid7 walikuta anwani zaidi ya milioni 80 zikijibu maombi ya UPnP kutoka intaneti, wakati huduma hiyo ilikusudiwa kwa vifaa vya ndani tu. Kwa nyumba yenye konsoli moja nashauri uizime na uelekeze poti kwa mkono. Ukilazimika kuiwasha, sasisha programu ya ruta na uhamishie kamera kwenye Wi-Fi ya wageni.

Nasisitiza kamera kwa sababu ya Mirai. Mwaka 2016 programu hiyo hasidi ilizunguka intaneti ikijaribu nywila za kiwandani zisizozidi 70 hivi, ikateka kamera, ruta na mashine za kurekodi kwa mamia ya maelfu. Walioitengeneza walikuwa vijana waliojihusisha na biashara ya seva za Minecraft, na seva za washindani zilikuwa miongoni mwa walizozishambulia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, na miongoni mwa huduma zilizoyumba ulikuwamo mtandao wa PlayStation. Kamera za majumbani kwa watu ziliwazuia watu kucheza gemu.

Kwa jirani nilifuta DMZ, nikabadili nywila ya mashine ya kurekodi na ya ruta yenyewe, nikazima usimamizi wa ruta kutoka nje, nikaelekeza zile poti. PS5 ikaonyesha aina ya 2, na jioni ile kijana akamsikia binamu yake.

Akaniuliza basi mbona gemu bado inalagi, yaani inachelewa kuitika. Hilo poti haziliponyi. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa London, kama kilomita 7,500 kutoka Dar es Salaam, kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata njia ingekuwa imenyooka, na haijanyooka. Kwenye gemu chagua seva za Afrika Kusini kama zipo, na uitoe konsoli kwenye Wi-Fi: nunua waya wa mtandao unaofika kutoka kwenye ruta hadi kwenye meza ya TV.