Sonnichsen hakusema Billy the Kid alinusurika

Kila muhula wa kufundisha mbinu za utafiti, dai lilelile hurudi katika kazi za wanafunzi: eti Profesa C. L. Sonnichsen, mwandishi wa historia ya magharibi ya Marekani, alithibitisha kwamba jambazi maarufu Billy the Kid hakuuawa mwaka 1881. Nimelisahihisha pembeni mwa karatasi mpaka nimechoka.

Hakuthibitisha. Billy alipigwa risasi na sherifu Pat Garrett usiku wa tarehe 14 Julai 1881, Fort Sumner, New Mexico. Karibu miaka 70 baadaye akajitokeza mzee mmoja wa Hico, Texas, aliyejulikana kama Brushy Bill Roberts, akidai kuwa yeye ndiye Billy. Aliyelishikia bango dai hilo ni mtafiti William V. Morrison, na Novemba 1950 mzee alifikishwa mbele ya gavana wa New Mexico, Thomas Mabry, kuomba msamaha wa makosa ya Billy. Gavana alikataa. Mwezi uliofuata mzee akafariki.

Mwaka 1955 kikatoka kitabu Alias Billy the Kid, chenye majina mawili: Sonnichsen na Morrison. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Wakiona jina la msomi mwenye udaktari wa Harvard, wanadhani kila kilichomo ni hukumu yake. Kitabu kinaweka mezani masimulizi ya mzee pamoja na viapo na nyaraka za kumuunga mkono, kisha uamuzi kinamwachia msomaji. Kuandika alichosema shahidi si kumwamini shahidi. Karani wa mahakama anayeandika maelezo ya mshtakiwa hajamwachia huru!

Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi wasome na kalamu za rangi mbili, moja ya maneno ya msimulizi, nyingine ya maneno ya mwandishi. Wengi wanalalamika kuwa ni kazi ya watoto. Fanya hivyo kwa sura moja tu, uone kama utathubutu tena kuandika "Sonnichsen alithibitisha".

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili: kwa kuwa alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, basi historia yake ni porojo za vijiweni. Hili nalo linaniudhi, kwa sababu linadharau historia simulizi yenyewe. Sonnichsen alichunguza visasi vya koo za Texas, mambo ambayo wajukuu wa wahusika walikuwa bado wanaogopa kuyataja. Nyaraka peke yake zisingetosha, kwa sababu jalada la kesi halikwambii kwa nini majirani walikataa kutoa ushahidi. Akawafuata wazee, akasikiliza pande zote mbili, akasoma na kumbukumbu za mahakama na magazeti ya wakati ule. Matunda yake ni I'll Die Before I'll Run, 1951. Mtafiti anayemrekodi mzee halafu asikanyage masijala amefanya nusu ya kazi, na anayefungua majalada bila kumtafuta mzee naye ni vivyo hivyo.

Makosa mengine kumhusu Sonnichsen nayapitia haraka. Hakuwa mwana wa Texas: alizaliwa Iowa mwaka 1901, akakulia Minnesota, na El Paso alifika mwaka 1931 kufundisha katika chuo cha madini, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Hakuandika habari za majambazi tu. Ana kitabu kuhusu Waapache wa Mescalero, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani, cha mwaka 1958, na historia nene ya El Paso yenyewe, Pass of the North, ya mwaka 1968.

Na Roy Bean, ambaye Sonnichsen aliandika kitabu kumhusu mwaka 1943, hakuwa "jaji mnyongaji" kama anavyoitwa. Alikuwa hakimu mdogo wa Langtry, Texas, mwenye baa, na hakuna mtu anayejulikana kunyongwa kwa amri yake. Sifa ya kunyonga ni ya Isaac Parker wa Fort Smith, Arkansas.

Wala Sonnichsen hakuacha kazi alipostaafu mwaka 1972. Alihamia Tucson, akahariri jarida la historia ya Arizona, na akaendelea kuchapisha vitabu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1991.