Picha ya fuwele ikitoka na ukungu, kagua sampuli kwanza

Malalamiko yameongezeka kuhusu huduma ya hadubini ya elektroni: cheti cha mashine kinasema inapambanua (yaani hutenganisha nukta mbili zilizoachana) nanometa 0.1, mbona picha ya fuwele ina ukungu? Kipimo hicho ni cha kweli. Ila kilipatikana kwa sampuli safi na nyembamba, kama chembe za dhahabu juu ya utando wa kaboni.

Kuongeza ukuzaji hakuongezi upambanuzi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado maombi yanaletwa yakitaka “ukuzaji wa juu kabisa”. Tafadhali andikeni umbali mdogo kabisa mnaotaka kuuona, basi.

Urefu wa wimbi la elektroni nao hauna kosa. Elektroni zikisukumwa kwa kilovolti 200, ni pikometa 2.5 tu (nanometa 0.0025). Kizuizi ni lenzi. Mwaka 1936 mwanafizikia Mjerumani Otto Scherzer alionyesha kwamba lenzi ya elektroni ya duara, yenye uga usiobadilika, haiepuki kasoro: miale ya pembeni hupindwa kupita kiasi. Kigezo kinachopima kasoro hiyo kikiwa milimita 1, kikomo kwa kilovolti hizo 200 ni nanometa 0.23 hivi. Utaona matabaka ya silikoni yaliyoachana nanometa 0.31, lakini jozi za atomi zake zilizoachana 0.136 zitakuwa doa moja. Kuzitenganisha kunahitaji mashine yenye kirekebishi cha lenzi.

Hata yenye kirekebishi haiokoi sampuli nene. Ikizidi nanometa 20, elektroni hutawanyika mara nyingi, nyingine hupoteza nishati njiani, na lenzi haiwezi tena kuzikutanisha mahali pamoja. Anayenyoa silikoni kwa mwali wa ioni za galiamu wa kilovolti 30 huacha kila upande gamba ambalo atomi zake hazina mpangilio, lenye unene wa nanometa zipatazo 20. Malizia kwa kilovolti 5, kisha 2. Halafu linganisha mhimili wa fuwele na mwali wa elektroni. Katika unene wa nanometa 20, mwinamo wa nusu digrii husogeza mwisho wa nguzo ya atomi nanometa 0.17, ile jozi ya silikoni tayari imefunikana.

Usiguse sampuli wala kishikio kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole na mabaki ya gundi huganda palipomulikwa, likatokea doa jeusi linalokua mbele ya macho yako. Poda ya sumaku itajwe kwenye fomu. Isipotajwa, sampuli inarudishwa bila kuingizwa na muda uliowekewa nafasi unahesabiwa umetumika, kwa sababu punje moja ikirukia ncha ya lenzi, ambayo ni sumaku, mashine nzima husimamishwa ili isafishwe. Sampuli yenye unyevu hairuhusiwi kabisa.

Baada ya kuingiza kishikio, subiri nusu saa joto litulie. Sampuli inayoteleza nanometa 0.1 kwa sekunde, ukiipiga picha ya sekunde moja, tayari umepoteza nanometa hiyo 0.1. Mlango ufungwe, na watu wasiongee karibu na mashine.

Wapo wanaoomba volti ziongezwe ili picha ing'ae. Kwa grafini (tabaka moja tu la atomi za kaboni), kuanzia kilovolti 86 hivi elektroni hung'oa atomi za kaboni, ndiyo maana tunaipiga kwa 80. Fuwele za dawa huharibika kwa kipimo kidogo zaidi cha mwali: angalia madoa ya mtawanyiko (nukta angavu zinazotokana na mpangilio wa atomi za fuwele), yakianza kufifia, hamia eneo ambalo halijamulikwa.