Homoni zimepanda, au zimeshuka?

Juzi hapa Lamu, dada yangu alimrudishia muuza samaki tasi wake mlangoni. Macho yalikuwa yamezama na matamvua yamegeuka kahawia. Mwanangu, kaketi barazani, akasema: "Mama mkubwa leo homoni zimempanda." Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno.

Homoni ni kemikali inayotoka kwenye tezi ikasafiri na damu. Kipokezi ni protini ya seli inayoidaka. Maana ndiyo hiyo.

Watu husahau kwamba hayo ni mambo mawili. Mwanamke anayepita kualika arusi hubisha hodi nyumba kwa nyumba. Pasipo wa kuitikia "karibu", mwaliko haukufika, hata akiuzunguka mtaa mzima. Homoni ndiyo hodi, kipokezi ndiye mwitikiaji. Na hodi yenyewe yaweza kuongeza waitikiaji! Estrojeni, homoni ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, huingia ndani ya seli za haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, ikashikana na kipokezi chake. Kwa pamoja huamsha jeni inayotengeneza vipokezi vya projesteroni, homoni nyingine ya ovari. Yai likishatoka, projesteroni inapozidi kwenye damu, hukuta nyumba zina watu. Jambo hili limeonekana wazi hasa kwa panya wa maabara.

Majina nayo yana kisa. "Homoni" ilianza kutumiwa na Ernest Starling, Uingereza, mwaka 1905, kutokana na neno la Kigiriki la kuamsha au kusukuma. Halina ubaya. Linaloniudhi ni "estrojeni". Asili yake ni oistros, yaani pange, yule inzi anayewauma punda wetu hadi wakarusha mateke. Wataalamu waliliazima kuitia jina hali ya mnyama jike anapotaka dume, kana kwamba kaumwa akapagawa. Kemikali inayoleta hali hiyo ikaitwa estrojeni. Tangu mwanzo jina limemtazama jike kama mwenye wazimu, na barazani bado tunaliendeleza.

Dada yangu ana miaka 52, na hedhi imekoma. Usiku huamka kalowa, kanga imemganda mgongoni, akipapasa gizani kutafuta pepeo la kujipepea. Estrojeni yake imepungua. Kuna seli za haipothalamasi ambazo estrojeni ilikuwa ikizituliza. Sasa zimechachamaa, zinaisumbua sehemu inayosimamia joto la mwili. Ubongo huona joto limezidi, ukaamuru jasho. Hata kwa msichana, siku chache kabla ya hedhi, estrojeni na projesteroni huwa zinashuka zote mbili.

Basi, mwanangu, ukitaka kumsemea mama yako mkubwa jasho lake la usiku, sema estrojeni imeshuka. Ama yule tasi, alikuwa amelala, na kumrudisha ilikuwa haki yake.