Kurudi kwenye kazi nzito baada ya upasuaji wa ngiri

Wagonjwa wengi ninaowapasua ngiri ya kinena, yaani utumbo au mafuta ya tumbo kutokeza kwenye sehemu dhaifu ya kinena, ni wanaume wanaoishi kwa nguvu za mwili: makuli wa bandarini na sokoni, wasukuma mikokoteni, waashi, wakulima, na wavuvi wanaovuta majarife. Ganzi inapoisha, jambo la kwanza wanalouliza ni lini watarudi kazini, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa kuli hulipwa kwa gunia alilobeba. Majibu wanayokutana nayo, mitaani na hata kwetu sisi wahudumu wa afya, hayalingani. Mmoja huambiwa wiki mbili, mwingine miezi sita, na mwingine hukatazwa kubeba kitu kizito maisha yake yote.

Tofauti hiyo ina historia. Kwa karibu miaka mia moja, ngiri ilishonwa zaidi kwa njia iliyotokana na kazi ya Edoardo Bassini wa Italia katika miaka ya 1880, ambapo misuli na tishu imara za kinena huvutwa na kushonwa pamoja kwa nyuzi. Mshono wa namna hiyo unavutana tangu siku ya kwanza, na uimara wake hutegemea kovu linalojengeka polepole: katika wiki ya kwanza kovu halina nguvu yoyote ya kutajika, baada ya wiki sita huwa limefikia takriban nusu ya uimara wa tishu ya awali, na kufikia miezi mitatu hukaribia asilimia 80, wala halifiki mia. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, daktari aliyesema miezi mitatu alikuwa na hoja.

Katika miaka ya 1980, Irving Lichtenstein wa Marekani alieneza njia ya kuziba sehemu hiyo dhaifu ya kinena kwa wavu wa polipropilini (aina ya plastiki), bila kuvuta misuli. Wavu unashikilia tangu mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji, na tishu huota ndani ya matundu yake katika wiki zinazofuata. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena iliyochapishwa mwaka 2018 inashauri mgonjwa arudie shughuli zake mara tu maumivu yanapomruhusu, kwa sababu haijaonekana kwamba kurudi mapema kunaifanya ngiri ijirudie. Wavu nao si anasa ya matajiri tena: utafiti uliofanyika Uganda kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wavu wa bei nafuu, unaotokana na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa ipasavyo, ulifanya kazi vizuri kama ule wa viwandani katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo, kabla sijataja wiki yoyote, huuliza kwanza ni upasuaji gani uliofanyika. Karatasi unayopewa unaporuhusiwa kwenda nyumbani inapaswa kueleza kama umewekewa wavu au la, nayo itunzwe, kwa sababu daktari atakayekuona baada ya mwaka hawezi kujua hilo kwa kutazama kovu la nje.

Aliyewekewa wavu namtaka aamke na kutembea siku hiyohiyo au kesho yake. Kulala kitandani kwa wiki nzima hakuimarishi mshono, bali huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kuifanya misuli ilegee. Kupanda ngazi, kurukuu na kusujudu, na tendo la ndoa pia, ambalo watu huliuliza kwa kuzungukazunguka, vyote huruhusiwa pale visipoleta maumivu makali. Kuendesha bodaboda au gari kusubiri hadi uweze kukanyaga breki ghafla bila kusita, na kwa vyovyote si ndani ya saa 24 za kwanza baada ya ganzi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kukohoa na kuruka huongeza shinikizo ndani ya tumbo kuliko kuinua mizigo mingi ya kawaida. Mtu anayeogopa ndoo ya maji huku akivuta sigara, akikohoa usiku kucha na kujikamua chooni amekosea cha kuogopa. Kikohozi kitibiwe, choo kilainishwe kwa maji, matunda na mboga, na mzee anayepata shida kukojoa achunguzwe tezi dume, ikiwezekana kabla ya upasuaji.

Mzigo mzito wa kweli ni suala jingine, na hapa nakuwa mwangalifu kuliko miongozo. Gunia la lumbesa linaweza kuzidi kilo 100, na kuli hulibeba begani kutwa nzima, ilhali ushahidi mwingi tulio nao umetoka katika nchi ambako uzito kama huo huinuliwa kwa mashine. Kwa hiyo makuli wangu wenye wavu huwaomba wiki nne hadi sita, wakianza na mizigo midogo na kuongeza kidogokidogo. Maumivu yakiongezeka siku inayofuata, warudi hatua moja nyuma. Walioshonwa bila wavu huwaomba miezi mitatu, na vivyo hivyo waliofunguliwa tumbo katikati kwa mkato mrefu.

Uvimbe mdogo na weusi wa ngozi unaoshuka hadi korodani katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Homa, usaha, au wekundu unaotanuka unahitaji kuonwa mapema. Uvimbe mgumu wenye maumivu usiorudi ndani, hasa ukiandamana na kutapika, ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na yule ambaye miezi mitatu imepita lakini bado kinena kinawaka au kumchoma anapoinama asilazimishe kazi kwa dawa za maumivu za dukani: takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hubaki na maumivu ya muda mrefu, mara nyingine kwa sababu ya mshipa wa fahamu uliobanwa, na tunazo njia za kuyapunguza.