Bodi za kampuni za softiwea ya chipu: hawa watu wametokea wapi?

Kwenye semina za wajumbe wa bodi ninazoendesha hapa Dodoma, za SACCOS, za AMCOS, saa nyingine na za taasisi zilizohamia huku Dom na serikali, nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote. Sichukui benki wala kampuni ya simu, maana ukitaja hizo kila mtu ana shemeji yake anafanya kazi pale na mjadala unaishia kwenye umbea. Nachukua kampuni za Marekani ambazo ukumbi mzima haujawahi kuzisikia, Cadence na Synopsys, nagawa karatasi zenye historia za kazi za wajumbe wa bodi zao, halafu tunasoma mtu mmoja mmoja. Nimeombwa mara nyingi niiweke kwa maandishi, basi hii hapa.

Kwanza tuelewane wanauza nini. Chipu ya simu ya kisasa ina transista (swichi ndogo sana za umeme) mabilioni, hakuna binadamu wa kukaa na penseli akazichora zote, kwa hiyo mhandisi anaandika chipu ifanye nini halafu softiwea ndiyo inapanga, inaunganisha, inakagua kama umeme utapita vizuri na kama kuna kosa kabla hujapeleka kiwandani, maana ukishapeleka na kosa limo, umeunguza mamilioni ya dola. Soko la softiwea hizo, wenyewe wanaliita EDA, limeshikwa na watatu tu: Synopsys iliyoanza 1986, Cadence iliyozaliwa 1988 baada ya SDA Systems na ECAD kuungana, na Mentor Graphics ya Oregon iliyoanza 1981 ambayo sasa iko chini ya Siemens ya Ujerumani. Nvidia, Apple, Qualcomm, hawa wote wanapita mlango huo.

Sasa CV. Huku kwetu ukifungua ripoti ya mwaka ya kampuni, ukurasa wa bodi umejaa digrii, fulani ana PhD, fulani ana MBA, picha ya suti, basi. Aliwahi kufanya nini? Hujui. Marekani tangu 2010 kampuni iliyoko soko la hisa inalazimika kueleza kwa kila mjumbe ni uzoefu gani hasa umefanya bodi iseme huyu anafaa, na inatolewa kabla ya mkutano mkuu kwenye fomu inaitwa DEF 14A ambayo mtu yeyote anaisoma bure kwenye tovuti ya EDGAR. Hata ukiwa Chamwino na bando la mia tano unaifungua. Mimi nikiisoma najiuliza kitu kimoja tu kwa kila jina: huyu anaweza kuuliza swali gani ambalo menejimenti haiwezi kulikwepa?

Tuanze na maprofesa maana ndio wanaowashangaza watu. Alberto Sangiovanni-Vincentelli, Muitaliano, profesa wa Berkeley, alishiriki kuanzisha Cadence na pia Synopsys, yaani wapinzani wote wawili, halafu akaingia bodi ya Cadence 1992 na akakaa zaidi ya miaka 30. James Plummer, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi Stanford, naye amekaa bodi hiyo hiyo. Synopsys walimchukua Max Nikias aliyekuwa rais wa chuo kikuu cha USC. Hii si heshima tu ya kupamba ukuta, hii biashara ilitokea chuoni kwenyewe, programu ya SPICE ya kupima saketi ilitoka Berkeley mwaka 1973 na vijana wa elektroniki mpaka leo wanasomea vitukuu vyake, na kila baada ya miaka michache kuna mwanafunzi mahali anaandika tasnifu yenye njia mpya ambayo inaweza kuizeesha bidhaa yako yote. Profesa ndiye anayemfahamu huyo mwanafunzi. Ila hapo hapo nina kaneno. Miaka 30 kwenye bodi moja ni mingi, Uingereza mwongozo wao unasema ukipita miaka tisa uhuru wako unaanza kutiliwa shaka, na mimi naelekea upande wa Waingereza hata kama mtu ni gwiji.

Kundi la pili ni watu waliotoka kwa wateja. Kwenye bodi ya Cadence, Young Sohn alikuwa rais na mkuu wa mikakati Samsung. Mark Adams alikuwa rais wa Micron, wale wa memori. Hawa faida yao iko wazi, wanajua maumivu ya anayenunua, ukimwambia mteja amefurahi atakuuliza mbona mhandisi wake anakesha. Hatari yake pia iko wazi, kwa hiyo unaangalia bado yuko kule au alishaondoka, na kama bado yuko, mauzo kati ya kampuni hizo mbili yameandikwa? Fomu inadai iandikwe. Kwenye AMCOS ya zabibu ni sawa na kumweka bodini mnunuzi wa kiwanda cha mvinyo, atakusaidia sana mpaka siku ya kupanga bei.

Haya, sasa tufike pale ninapotumia muda mwingi semina nzima. Kuna siku, kwenye ukumbi mmoja pale Area D, mama mmoja mhasibu mstaafu alinyoosha mkono akiwa ameshika karatasi ya John Shoven. Huyu Shoven ni mchumi wa Stanford, kazi yake ya maisha ni mambo ya kodi na pensheni za wazee, na alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Cadence.

"Mwalimu, huyu wa pensheni kafuata nini kwenye chipu?"

"Mama, ngoja tufike 2008."

Ukumbi ukacheka lakini swali lilikuwa la maana kabisa, kwa sababu jibu lake ndiyo sababu kuu kwa nini bodi ya kampuni ya mainjinia haiwezi kuwa ya mainjinia watupu.

2004 Cadence walimchukua Mike Fister kuwa mtendaji mkuu, ametoka Intel, kakaa kule miaka 17, mtu wa vifaa hasa. Mwaka 2008 katikati akataka kuinunua Mentor kwa nguvu, dola bilioni 1.6, Mentor wakagoma, Agosti akaachana nayo. Oktoba mwaka huo huo Fister akajiuzulu pamoja na wakubwa wenzake wanne kwa siku moja, na wiki moja baadaye kampuni ikatangaza kwamba kamati ya ukaguzi ya bodi inachunguza mapato ya robo ya kwanza ya mwaka, zaidi ya dola milioni 20, yaliyoingizwa vitabuni mapema kuliko yalivyostahili. Hisa ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa juu ya dola 20 ikashuka chini ya dola 5, sawa dunia nzima ilikuwa inaungua mwaka ule, lakini hii ilikuwa na moto wake wa ndani.

Mapato kuingizwa mapema maana yake nini? Hapa ndipo nachukua chaki. Tuseme unauza leseni ya softiwea kwa miaka mitatu kwa dola milioni 36. Njia moja unasema kila mwezi nimevuna milioni moja, basi robo hii naandika milioni tatu. Njia nyingine unasema leseni nimeshaikabidhi, naandika milioni 36 zote leo. Mkataba ni ule ule na mteja ni yule yule, hela benki pengine haijabadilika hata senti, lakini robo hii inaonekana ya ajabu, bosi anapata bonasi, na robo ijayo huna cha kuandika mpaka umkimbilie mteja mwingine umpe punguzo asaini kabla mwezi haujaisha. Na mteja si mjinga, akishajua unahaha kila mwisho wa robo anasubiri siku ya mwisho ndio apige simu. Ni njia ipi sahihi inategemea vipengele vya mkataba, kipengele kimoja kidogo kwenye ukurasa wa ndani huko kinaweza kuhamisha hela yote kutoka leo kwenda miaka mitatu. Mhandisi bora duniani atapita pale hajaona kitu. Mhasibu aliyewahi kufunga vitabu vya kampuni ya softiwea anaanzia pale pale.

Kwa hiyo sasa hivi ukisoma majina ya fedha kwenye bodi hizi unaona hayakuwekwa kwa kubahatisha. Lewis Chew wa Cadence alikuwa mkuu wa fedha National Semiconductor halafu Dolby, na Dolby ni kampuni inayokula leseni, angalia hapo. Ita Brennan ni mhasibu wa Ireland, alikuwa mkuu wa fedha Arista, wale wa vifaa vya mtandao. Synopsys walikuwa na Mercedes Johnson aliyeshika fedha Avago, kampuni ya chipu. Kuna watu wanasema hawa wapo kwa sababu sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002, ile iliyokuja baada ya kashfa ya kampuni ya Enron, inataka kampuni iseme kama ina mtaalamu wa fedha kwenye kamati ya ukaguzi. Ni kweli, lakini sheria inaridhika na mtaalamu mmoja wa fedha wa aina yoyote. Kuchagua mtu aliyekula chumvi kwenye leseni ni uamuzi wa bodi yenyewe.

Na Shoven? Fister alipoondoka, bodi haikuwa na mrithi mkononi, wakaunda ofisi ya muda ya uongozi, na waliokaa humo ni pamoja na huyo mchumi wa pensheni na mjumbe mwingine aliyeitwa Lip-Bu Tan. Mama mhasibu alitingisha kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Huyu Lip-Bu Tan ni CV ya kusoma polepole. Kazaliwa Malaysia, kakulia Singapore, kasoma fizikia, kaenda MIT kusoma uhandisi wa nyuklia, kaongeza MBA, halafu 1987 kaanzisha Walden International, kampuni ya kuwekeza kwenye kampuni changa. Hajawahi kuandika softiwea ya EDA. Aliingia bodi ya Cadence 2004, Januari 2009 akapewa utendaji mkuu, akauendesha mpaka mwisho wa 2021, na ndiye aliyeinyanyua. Baada yake alikuja Anirudh Devgan ambaye ni kinyume kabisa, PhD ya Carnegie Mellon, IBM, Magma, fundi wa EDA mpaka kwenye mifupa. Nawaambia wanasemina waone ule mpangilio: mwenye jicho la mwekezaji alikuja wakati nyumba inaungua, fundi akakabidhiwa ilipotulia. Machi 2025 Tan akawa mtendaji mkuu wa Intel.

Mentor wana kisa chao kifupi ambacho nakipenda kwa ubishi wake. 2011 tajiri Carl Icahn alinunua hisa nyingi, akasema bodi imelala, akasimamisha wagombea watatu na wote wakashinda kwa kura za wanahisa. Gary Meyers alikuwa amewahi kuongoza Synplicity, kampuni ya EDA iliyouzwa kwa Synopsys 2008. José Maria Alapont alikuwa bosi wa Federal-Mogul, vipuri vya magari, kampuni ambayo Icahn mwenyewe ndiye aliyekuwa na hisa nyingi. David Schechter alikuwa mfanyakazi wa Icahn. Ukiziweka CV hizo tatu mezani huhitaji mtu akusimulie nia, mmoja anajua biashara na tayari ameshawahi kuuza kampuni ya aina hii, wawili wanamjua aliyewatuma. Novemba 2016 Siemens wakakubali kuinunua Mentor kwa dola bilioni 4.5, karibu mara tatu ya ile bei ya Cadence ya 2008, kwa hiyo na wale waliogoma kipindi kile nao wana cha kujibu wakitukanwa.

Synopsys nitapita haraka. Wao wanapenda watu waliowahi kuendesha kampuni za softiwea zisizo za chipu, mfano Bruce Chizen aliyeongoza Adobe, na walipomaliza kuinunua Ansys, kampuni ya softiwea ya majaribio ya kihandisi, Julai 2025, mkataba wa kama dola bilioni 35, wakamwingiza bodini Ajei Gopal aliyekuwa bosi wa Ansys. Hiyo ni kawaida, ukinunua nyumba kubwa namna hiyo unamchukua na anayejua bomba limepita wapi.

Kitu ambacho mimi nakiona pengo ni sheria za kuuza nje. Julai 2025 Cadence walikubali kukiri kosa na kulipa zaidi ya dola milioni 140 kwa sababu ya kuuza softiwea na vifaa kwa chuo cha kijeshi cha China kilichokuwa kwenye orodha ya waliozuiwa, mauzo ya kati ya 2015 na 2021. Mwezi uliofuata Trump akataka Tan ajiuzulu Intel kwa ajili ya uwekezaji wake wa China. Na Mei mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikuwa imezuia softiwea hizi kwenda China, halafu Julai ikalegeza. Ukipanga bodi ya Cadence yote, maprofesa, watu wa Samsung na Micron, wakuu wa fedha, na mwenyekiti Mary Louise Krakauer aliyesimamia mifumo ya kompyuta Dell na kabla ya hapo rasilimali watu EMC, ni watu wazito kweli, lakini sioni anayefungua orodha ya wateja na kuuliza huyu mnunuzi mwenye jina la kampuni ya kawaida, ofisi yake iko jengo gani na jirani yake ni nani. Mwaka 2008 swali kama hilo lilikuwa la mhasibu. Fomu yao inayofuata ikitoka, mimi naruka mishahara na kurasa za mwanzo, nakwenda moja kwa moja kwenye majina mapya nione kama kuna aliyewahi kufanya kazi forodha, wizara ya biashara, au idara ya sheria ya kampuni iliyowahi kubanwa.